Suruali ile kwenye picha niliibana mimi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Jumapili mbili zilizopita mlichapa makala ndefu kuhusu vijana wa miaka ya sitini: walijua kuvaa, walijua kucheza, wazazi hawakusumbuka nao, na muziki wao ulikuwa wa kwetu kabisa, haukuigwa kokote. Juu ya makala mkaweka picha ya dansi hapa Morogoro, vijana wanne na msichana mmoja, na chini yake mkaandika kuwa ni mwaka 1964 na kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sura ya adabu. Makala sikuimaliza siku ile. Nilikwama kwenye picha, nikamwita mjukuu aniletee ile miwani nzito, kwa sababu suruali ya kijana wa pili kutoka kushoto naijua. Niliibana mimi.

Nimezaliwa 1949. Shule niliiacha kwa kukosa karo, nikapelekwa kwa mjomba kujifunza ushonaji. Mjomba alikuwa na cherehani ya Singer kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja, jirani na soko. Mhindi anauza kitambaa, mjomba anashona, mimi nakaa kwenye mkeka natia vifungo, nachochea pasi ya mkaa na kufukuza mbuzi wasile vipande. Baada ya mwaka na nusu nikaruhusiwa kugusa cherehani, na baada ya hapo nikawa na biashara yangu ya pembeni, ambayo mjomba aliijua ila alijifanya haijui.

Biashara yenyewe ilikuwa kubana suruali. Wakati ule suruali ya heshima ilikuwa pana, chini inchi 22, imekunjwa pindo kwa nje, unatembea na upepo unatembea nao ndani. Vijana hawakuitaka. Walikuwa wamekwenda sinema wakamwona Elvis, wakamwona Shammi Kapoor anavyojinyonganyonga, wakaona viatu vya mchongoko kwenye majalada ya santuri, na wakaja barazani jioni mjomba akishaondoka. "Fundi, nitie kumi na nne." Inchi 14, Mhariri. Mguu haupiti hapo kirahisi. Walikuwa wanafunga kisigino kwa karatasi laini ndipo suruali ipande, na kuivua ni kazi ya watu wawili. Leo mjukuu wangu akivaa modo, yaani suruali za siku hizi za kubana, jirani yangu mmoja mzee anapiga kelele mpaka mtaa wa pili. Jirani huyo nitarudi kwake.

Sasa, kijana wa Morogoro mwaka 1966 alikuwa na suruali moja nzuri, au hana. Bei ya mkonge ilikuwa imeporomoka, na mji huu ulikula kwa mkonge: mwisho wa mwezi manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, wakilipwa sokoni kunajaa, wasipolipwa hata muuza karanga analala mapema. Kwa hiyo suruali ya dansi la Jumamosi ndiyo hiyo hiyo ya msikitini, ya kanisani, ya kwenda kuomba kazi ofisini, na mara nyingi si yake hata, ni ya kaka au ya baba. Hapo ndipo nilipojifunza ufundi ambao mjomba hakunifundisha. Sikukata kitambaa. Niligeuza suruali ndani nje, nikachora kwa chaki mstari kutoka pajani mpaka chini, nikapiga mshono wa hatua ndefu juu ya mstari ule, kitambaa kilichozidi kikabaki kimelala ndani. Jumamosi imebanwa. Jumapili asubuhi unakuja, nachomoa uzi kwa kuvuta ncha moja, napiga pasi, suruali inarudi kuwa ya mtu mzima.

Bei ilikuwa ya wanyama. Benki Kuu ilifunguliwa Juni 1966 na fedha zetu wenyewe zikaanza kutembea. Senti 50 ilikuwa na sungura, senti 20 ilikuwa na mbuni, upande wa pili kichwa cha Mwalimu Nyerere. Kabla yake tulitumia zile za Afrika Mashariki. Senti 10 na senti 5 zilikuwa na tundu katikati, mama alizitunga kwenye uzi akaning'iniza nyuma ya mlango. Mimi nikasema: kubana ni sungura, kufungua ni mbuni. Vijana waliipenda bei hiyo kwa sababu ilitajika barabarani bila mzazi kuelewa. "Fundi, nina sungura." Mzazi anayepita anadhani tumetega mtego.

Kijana wa kwenye picha alileta suruali ya terilini ya kijivu, ya baba yake, karani wa reli. Terilini ndiyo ilikuwa kitambaa cha kujivunia: haikunjamani, unaifua usiku asubuhi unaivaa. Nilimbania Ijumaa usiku kwa taa ya chemli. Mafuta yalikuwa yanakaribia kwisha na nilikuwa na haraka, ndiyo maana mguu wa kulia, chini kidogo ya goti, mshono umekula ndani. Angalieni picha yenu vizuri. Mguu wa kushoto umeteremka sawa, wa kulia umeingia kama kiuno cha nyigu. Nimeshona miaka hamsini na kitu na kosa hilo nalijua kama mtu anavyojua kovu lake. Naye alinilipa sungura mpya, bado inang'aa, nikaizungusha mkononi usiku ule. Kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya 1964. Ni nusu ya pili ya 1966 au baada ya hapo kidogo. Hilo naomba mlisahihishe kwanza.

Baada ya dansi akalala. Jumapili hakuja kufungua. Jumatatu alfajiri baba anavaa kwenda kazini, suruali inakwama kwenye shavu la mguu. Saa moja na nusu asubuhi nilimwona anakuja barazani amevaa kaptula ya nyumbani, shati jeupe na tai, suruali ameshika mkononi kama mtu aliyekamata nyoka. Hakuniuliza mimi. Alimwamkia mjomba kwa heshima zote, akaiweka suruali juu ya cherehani, akasema, "Fundi, nimenenepa au nini?"

Mjomba aliigeuza ndani nje, akauona mshono, akanitazama, akarudisha macho kwenye suruali. "Hujanenepa, mzee. Kaa hapo upate kahawa." Mimi nikavuta uzi. Na hapa ndipo terilini ilipoonyesha ubaya wake: pamba ukichomoa uzi matundu yanajifunga kwa maji na pasi, terilini haifungi. Nilipiga pasi mara tatu na kitambaa cha maji juu yake, matundu yakabaki, mstari wa nukta nukta kutoka pajani mpaka chini, miguu yote miwili. Karani yule alikwenda kazini nao. Alikwenda nao miaka kadhaa, kwa sababu suruali haitupwi. Mjomba hakunipiga. Alisema tu kwamba mbuni na sungura wote wa wiki ile ni wa nyumba ile, na nikawapeleka mwenyewe.

Kuhusu msichana, mwandishi wenu amemsifu kwa kushika kanga, vazi la mama zetu. Ni kweli ameishika. Ipo mkononi, Mhariri, haipo mwilini. Dada zangu walitoka nyumbani hivyo hivyo: doti nzima, moja kiunoni, moja kichwani, salamu kwa kila mzee njiani, "Shikamoo baba, shikamoo mama". Ndani ya kanga kuna gauni linaloishia juu ya goti. Wakifika kwenye mwembe karibu na ukumbi, kanga zinakunjwa, zinaingia kikapuni au zinashikwa mkononi, na nywele zilizochomwa kwa kitana cha moto mchana kutwa zinatoka hewani. Harufu ya nywele zile kwenye joto la ukumbi bado ninayo puani. Usiku wa manane kanga zinarudi. Kanga ilikuwa na kazi nyingi, mwandishi ametaja moja.

Na muziki. Hapa ndipo niliposhindwa kunyamaza. Eti haukuigwa kokote! Bendi kubwa ya mji huu, ya Salum Abdallah, ilikuwa inaitwa Cuban Marimba. Cuban. Marehemu alilelewa na santuri za Kikuba, zile zenye alama ya GV, zilizokuwa zikipigwa kwenye gramafoni za mahotelini na majumbani tangu kabla sijazaliwa, na maneno ya Kihispania yaliimbwa katika mji huu na watu ambao hawakujua yana maana gani, wala hawakujali. Tulicheza rumba, chacha, bolero, na twisti ilipokuja tukacheza twisti mpaka viuno vikauma. Wakongo nao walikuwa wanaingia kwa redio na kwa santuri, na kila mpiga gitaa wa hapa alikuwa anakaa karibu na redio ya betri akivizia vidole vya Dokta Nico, mpiga gitaa wa Kongo. Walichotoa kwao wakakichanganya na cha kuokota, kikatoka kitu ambacho ukikisikia leo unasema, huyu wa Morogoro. Lakini kuokota waliokota, bila haya.

Na mji ulikuwa umegawanyika. Kuna watu wa Cuban na kuna watu wa Morogoro Jazz, na kijana mmoja mwembamba anaitwa Mbaraka Mwinshehe ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusikika upande ule wa pili. Mjomba alikuwa Cuban. Salum Abdallah alipokufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, mjomba hakukanyaga cherehani siku ile wala ya pili yake. Aliketi barazani na kofia mkononi, wateja wakija anawaambia warudi kesho kutwa. Bendi iliendelea chini ya Juma Kilaza na ilikuwa nzuri sana, ila mjomba alikuwa anakwenda kusikiliza amesimama mlangoni, haingii ndani.

Je, wazee waliusifu muziki huo? Mwandishi anasema ulikuwa na mafunzo. Ulikuwa nayo, nyimbo za kuusia zilikuwepo, kama zilivyopo hata leo kwenye singeli ukitega sikio. Lakini bibi yangu aliuita muziki wa walevi, na mwalimu wangu wa madrasa alikuwa akipita ukumbini anavuta kanzu pembeni kana kwamba kuna matope. Bugi, yaani dansi za Jumapili mchana, ambazo hazikuwa hata na pombe, zilisemwa kuwa ndizo zinazoharibu watoto wa shule. Neno lilikuwa "uhuni". Ni neno lile lile ninalolisikia leo, halijabadilishwa hata herufi.

Kama mwandishi bado ana shaka, atazame tarehe. Oktoba 1968 vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, walipitisha azimio, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ikaanza Operesheni Vijana: marufuku nguo fupi, marufuku mawigi, marufuku krimu za kujichubua, marufuku suruali za kubana. Kurasa za barua za magazeti, kama ukurasa huu, zilijaa ugomvi wa sketi kwa wiki nyingi. Operesheni ya namna hiyo ilianzishwa kwa sababu gani, kama vijana wote walikuwa wanavaa kama mwandishi anavyosema? Vishindo vyake vilikuwa zaidi Dar es Salaam, lakini sisi huku hatukungoja kuona. Desemba ile ya 1968 sikubana hata suruali moja. Nilifungua. Walipanga foleni mpaka nje ya baraza, na wengine walikuwa wamebana kwa mafundi wa kukata, si wa kukunja, kwa hiyo hapakuwa na cha kufungua. Hao niliwatilia kipande cha kitambaa kingine ubavuni. Ukimwona mzee kwenye picha ya 1969 amevaa suruali yenye mstari wa rangi tofauti pembeni, haikuwa fasheni.

Narudi kwa jirani anayepigia kelele modo. Ndiye kijana wa pili kutoka kushoto. Jina lake silitaji, watoto wake wanasoma gazeti hili. Ijumaa iliyopita baada ya swala nilimkalisha kwenye ngazi ya msikiti nikampa picha na ile miwani yangu. Aliitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atacheka, au atakana. Akaniuliza kama baba yake anaonekana humo.

Nikamwambia, "Baba hayumo, ni suruali yake tu."

Akaomba abaki na gazeti. Nikamwachia, ndiyo maana makala yenyewe mpaka leo sijaimaliza. Tungependa kupata nakala kubwa ya picha hiyo, mbili kama inawezekana, yake na yangu. Mkitujulisha siku tutakuja kuzichukua wenyewe, nauli tunayo.

Fundi cherehani mstaafu,
Mwembesongo, Morogoro