Barua kwa mwanangu: nafsi isikusute kwa wali na mayai

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniomba radhi, eti siku hizi usiku mnakula wali na mayai. Sioni kosa la kuombewa radhi. Mtu anayeshuka mwendokasi Kimara saa moja na nusu usiku, na mtoto anatakiwa kulala kabla ya saa tatu, hana muda wa kukuna nazi na kutwanga kisamvu. Ana dakika 40 na jiko la gesi la plate mbili. Chakula kipimwe kwa hizo.

Hesabu ya mlo mzuri ni fupi: cha kushibisha, cha kujenga mwili, mboga au tunda, na viwe vimeiva. Wali, mayai ya rosti na kipande cha papai vimetimiza yote. Kujilaumu hakuongezi jani hata moja la mchicha kwenye sahani. Kunafanya kinyume: mtu akiona hawezi kupika "inavyotakiwa" anaacha kupika kabisa, kila jioni anapitia kibanda cha chipsi pale kituoni, kisha usiku anajilaumu mara ya pili.

Na hao wanaokuambia ugali wa usiku unanenepesha, waache. Ugali wa saa mbili usiku hauna kitu kisichokuwamo kwenye ugali wa saa saba mchana. Tazama ni tonge ngapi na pembeni kuna nini. Dona ina faida kuliko sembe kwa kuwa pumba na kiini vimebaki, ila mafuta ya kile kiini huufanya unga uchache mapema, kwa hiyo nunua kidogo kidogo. Sembe ikiwa ndiyo iliyopo, kula sembe na uongeze mboga.

Kazi ndefu iweke Jumapili. Sitaki upike chakula cha wiki nzima, hicho kinachosha ulimi kufika Jumatano. Pika vitu viwili tu: rosti ya nyanya na maharage.

Rosti: nyanya mbivu kilo 1, hata zile zilizolainika ambazo muuzaji anazipunguzia bei, ili mradi hazijaoza. Vitunguu maji vikubwa 4, punje 6 za kitunguu saumu, tangawizi ya urefu wa kidole gumba, mafuta nusu kikombe, chumvi kijiko 1 cha chai. Nyanya zikune kwenye kikunio cha karoti, ganda litabaki mkononi, litupe. Kaanga vitunguu kwa moto wa kati kama dakika 10 vigeuke rangi. Saumu na tangawizi ziingie mwisho, dakika moja inatosha, maana saumu ikiungua uchungu wake hautoki kwa kiungo chochote. Mimina nyanya, usifunike, ipige moto dakika 20 hadi 25 ukipitisha mwiko. Usitegemee saa peke yake, tazama mafuta: yakijitenga na kutokea pembeni mwa sufuria, imeiva. Wengi huharibu hapa. Wanaona wekundu wanaepua, kisha wanashangaa mchuzi una uchachu wa nyanya mbichi na kuufunika kwa sukari. Dawa ni dakika 10 zaidi jikoni. Ikipoa, ya siku tatu weka kwenye chupa safi iliyokauka ndani ya friji, inayobaki igawe kwenye vifuko, nusu kikombe kila kimoja, uipeleke friza.

Maharage nusu kilo yachambue na kuyaloweka Jumamosi usiku. Asubuhi mwaga maji yale, tia mapya yapite juu ya maharage kwa vidole vitatu. Yakianza kuchemka yaache yatokote kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla hujapunguza moto. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayoharibiwa na mtokoto huo. Yaliyopikwa nusu nusu, au kwa moto mdogo mwanzo hadi mwisho, hutapisha na kuumiza tumbo. Kisha endelea na moto wa kati saa moja hadi moja na nusu, mpaka punje ipondeke kwa vidole viwili bila kiini kigumu katikati. Nyanya na ndimu zisiingie kabla ya hapo, uchachu unayakaza. Watu huisingizia chumvi, lakini mwenye kosa ni nyanya. Yakikataa kuiva hata baada ya saa mbili, basi ni ya zamani, yamekaa ghalani mno. Badilisha duka. Yagawe mafungu matatu pamoja na supu yake, uyagandishe.

Ukifika hapo, jioni zako zimeshakuwa nyepesi.

Siku ya maharage, toa fungu moja friza asubuhi uliache ndani ya friji. Jioni pasha nusu kikombe cha rosti, tia maharage, na yakichemka ongeza kikombe 1 cha tui. Tui la pakiti ni tui, nafsi isikusute. Lile zito lichanganye na maji nusu kwa nusu. Moto uwe mdogo na mwiko usitulie, kwa sababu tui likichemka kwa fujo linakatika na kuacha vipande vinavyoelea. Dakika 10, chumvi, basi. Plate ya pili iwe na mchicha: uoshe kabla ya kuukata ili mchanga utoke na ubora wake usiende na maji, kitunguu kimoja, kijiko cha mafuta, dakika 4 bila kuongeza maji. Chumvi tia mwisho, maana fungu kubwa hunywea likawa kiganja, na chumvi uliyokadiria mwanzo inakuwa imezidi.

Mayai ya rosti ndiyo mepesi kuliko yote. Kikombe cha rosti na robo kikombe cha maji kwenye kikaango, kichemke. Kwa mwiko fungua visima vinne. Kila yai lipasulie kwanza ndani ya kikombe, ili bovu lisikuharibie kikaango kizima, kisha limimine kisimani. Funika, moto mdogo, dakika 5 kiini kinabaki laini, 8 kinakuwa kigumu. La mtoto liwe gumu. Ukiwa na kiganja cha mchicha uliokatwa kitie kabla ya mayai, umemaliza habari ya mboga bila kuchafua sufuria nyingine. Kula na mkate, na wala usione haya.

Dagaa watayarishe Jumapili vilevile, kwa kuwa kinachochosha ni usafi, siyo upishi. Toa vichwa, osha kwa maji ya moto mara mbili haraka haraka bila kuwaloweka, wachuje, wakaushe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo hadi wavunjike kwa mkono. Wale wa Mwanza huja na mchanga zaidi, waongezee maji ya tatu. Weka kwenye kopo lenye mfuniko. Jioni wakaange kwa vijiko vitatu vya mafuta yaliyopata moto, na wakishakuwa wakavu tena tia nusu kikombe cha rosti, pilipili, nusu ndimu, koroga dakika mbili, epua. Rosti ikitangulia wanalowana, wanavunjika na harufu inapanda nyumba nzima. Na kwa kuwa huliwa na mifupa yake, mjukuu wangu anapata madini ya chokaa bila kununuliwa unga wa kopo.

Ugali wa kuwafuata, kwa watu watatu: maji vikombe 4, unga vikombe 2. Vijiko vitatu vya unga huo korogea kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye maji yanayokaribia kuchemka, uchemke uwe uji mwepesi ndipo uanze kusonga na unga uliobaki kidogo kidogo. Mabonge hutoka kwa watu wanaomwaga unga wote mara moja. Ukishakaza, funika dakika 3 hadi 5 kwa moto mdogo. Dona inataka maji na muda zaidi kidogo.

Kama ni lazima uwe na wasiwasi, upeleke unakostahili, yaani kwenye kiporo. Wali ulioachwa jikoni kuanzia usiku hadi asubuhi ni wa kumwaga. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na kupikwa. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu hizo huamka na vijidudu kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha mpaka ufuke moshi. Utandaze kwenye sinia upoe, ndani ya saa moja uwe kwenye friji, uliwe kesho yake, upashwe mara moja tu na upate moto hadi katikati. Umeme ukikatika usiifungue friji kila dakika kuangalia, ikibaki imefungwa hutunza ubaridi kwa takriban saa 4. Ukipita muda huo, rosti na maharage yaliyopikwa usiyaonee huruma.

Chipsi mayai ya Ijumaa nunua. Fika nyumbani ukate kachumbari ya nyanya, tango na kitunguu, mle kwa furaha. Mtoto akikataa mboga, mwekee kidogo kila siku na usimkimbize na kijiko. Baba yake afundishwe yale mayai. Ni kazi ya kikaango kimoja, na siku unayocheleweshwa na foleni hutakuwa na haja ya kunipigia simu kuuliza wamekula nini.

Nazi nimeshakufulia, zinakuja na basi la Ijumaa kutoka Tanga, pamoja na mchele. Zitumie mapema, maana mbili kati yake zimeanza kukauka maji.

Mama