Mheshimiwa Waziri wa Ardhi wa kaunti, tufungulieni daftari la vibali vya ujenzi

Salaam aleikum Mheshimiwa,

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu ofisini nishakuja sana na kila nikija narudi na jibu lile lile, rudi wiki ijayo. Jina la kaunti silitaji, wewe wajijua na sisi wakazi wa huku Pwani twajijua, na hata wa kaunti zingine wakisoma naamini wengi wataona ni ya kwao.

Nianze na kisima cha mamangu. Marehemu babangu alikichimba kwa mkono yeye na ndugu zake, jiwe tupu mpaka chini, na tangu nikiwa mdogo mtaa mzima ulikuwa ukiteka hapo. Mwezi wa Ramadhani mifereji ikikauka watu walipanga mitungi mpaka barabarani na hakuna aliyetozwa senti. Sasa mwaka juzi ploti ya pembeni ikauzwa, mnunuzi akamwaga mawe na mchanga, na kabla mwaka haujaisha pakawa na ghorofa 4 za vyumba vya kupangisha. Bango la mjengo hatukuona, notisi hatukuona, hakuna aliyebisha hodi kutuambia kunajengwa nini. Shimo la choo wakalichimba hatua 9 kutoka kisimani, nimezihesabu mwenyewe kwa miguu yangu. Na wewe Mheshimiwa unaijua ardhi yetu ya huku, ukichimba kidogo tu ni mwamba wa matumbawe, umejaa matundu kama sifongo, maji ya choo hayapati mchanga wa kuyachuja yanapita tu. Leo ukivuta ndoo maji yanatoka na rangi ya chai nyepesi na povu kwa juu, na harufu ndiyo usiseme. Mamangu amekifunika kwa bati akaliwekea tofali juu watoto wasije wakateka. Ana miaka 71 na kila asubuhi anangoja mkokoteni anunue mitungi miwili.

Wakati msingi unachimbwa nilikuja ofisi yenu ya mipango nikauliza swali moja tu, je ile ploti ina kibali cha ujenzi na hicho kibali kinasema nini kuhusu choo. Yule kijana wa dirishani hakuwa na matusi wala nini, aliniuliza tu kwa upole, wewe ni nani kwenye hiyo ploti? Nikamwambia mimi ni jirani. Akasema basi faili haiwezi kufunguliwa kwa mtu asiyehusika. Mheshimiwa, hilo neno asiyehusika sijalisahau mpaka leo, maanake kisima ni chetu, uvundo twavuta sisi, na lile ghorofa likianguka litaangukia paa la mamangu.

Baadaye askari wa kaunti walikuja wakachora X nyekundu ukutani na tarehe chini yake, tukafurahi tukasema haya sasa. Wiki haikuisha fundi akapiga plasta juu ya ile X na kazi ikaendelea, slebu ya pili, ile sakafu ya zege ya ghorofa, ikamwagwa usiku kwa taa za jenereta. Nani alizungumza na nani sijui na siwezi kumsingizia mtu. Ila X ukutani haizuii jengo, hilo Wakenya tulijifunza kwa uchungu. Lile ghorofa la Huruma kule Nairobi lililoanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 likaua watu zaidi ya 40 lilikuwa limeshatiwa alama ya kubomolewa, na watu walikuwa wamelala ndani wanalipa kodi kila mwezi.

Upande wa pili nikupe habari yangu mimi niliyefuata sheria. Nilitaka kumjengea dadangu vyumba viwili kwa ploti hiyo hiyo ya familia baada ya yeye kurudi nyumbani na watoto. Nikaleta nakala ya hati, sachi ya kuonyesha ploti ni ya nani, ramani zenye muhuri, risiti za reti za ardhi nimelipa zote, nikalipia maombi, nikapewa risiti. Hiyo ni miezi 11 iliyopita. Mara plana, afisa wa mipango, yuko fildi, mara sistimu iko chini, mara faili imeenda afya ya umma haijarudi, na ukitoka nje pale getini kuna watu wanakufuata wanakwambia wao wanajua kusukuma faili. Sikuwapa. Dadangu na wanawe watatu bado wamelala sebuleni kwa mamangu.

Nikaisoma hiyo sheria yenyewe, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Inasema ukijenga bila kibali waweza kupigwa faini mpaka shilingi 500,000 au kifungo mpaka miezi miwili au vyote. Sawa. Lakini inasema pia mtu aliyeomba akikaa siku 60 bila jibu la maandishi basi kibali kinahesabika kimetolewa. Nikamuonyesha afisa mmoja hicho kifungo cha sheria kwenye simu, akaniambia hiyo ni ya vitabuni, ukianza kujenga askari watakuja. Na nawajua watakuja kweli, kwa vyumba viwili vya tofali watakuja, kwa ghorofa 4 walikuja na kopo la rangi.

Kuna kifungo kingine ndicho hasa kilichonifanya niandike. Sheria inampa nafasi mwombaji na pia mtu mwingine yeyote anayeguswa na uamuzi wa kibali, akiona ameonewa aende akate rufaa kwa kamati ya upatanishi ya kaunti ndani ya siku 14 tangu uamuzi utolewe. Siku 14 Mheshimiwa. Sasa mimi jirani ambaye faili haifunguliwi kwangu, sijui maombi yameletwa lini, sijui yamepitishwa lini, hizo siku 14 naanza kuhesabu kutoka wapi? Mamangu haki yake ya rufaa ilikufa kabla hajajua amezaliwa nayo.

Kwa hivyo ombi langu ni moja na halihitaji jengo jipya wala gari. Fungueni daftari la vibali. Kila ofisi ya wadi ibandikwe karatasi kila wiki, namba ya ploti, maombi ni ya nini, ghorofa ngapi, choo kinaenda wapi, yameletwa lini, yamepitishwa au yamekataliwa lini, na nani ametia sahihi. Iwe kwa Kiswahili. Orodha hiyo hiyo iwekwe kwenye mtandao wa kaunti mtu aisome kwa simu. Na kila mjengo uwe na bango lenye namba ya kibali kubwa ya kusomeka kutoka barabarani, ili mama yeyote anayepita na kapu lake aweze kuilinganisha na karatasi ya wadi. Kama namba haipo apige simu siku ya msingi, asingoje mpaka slebu ya nne.

Najua utasema plana ni wachache na kaunti ni kubwa, na ni kweli, nawaonea huruma wengine wanazunguka kwa bodaboda za mfuko wao. Lakini majirani tupo kila ploti, tunaona lori la kwanza la mawe likiingia, tunakaa hapo hapo mchana na usiku na hatuombi mshahara. Kitu tunachokosa ni kujua tu kama lile lori lina ruhusa. Na yule mwenye maombi halali akiona kwenye karatasi kwamba ya kwake yameletwa Januari na ya mwingine yameletwa Mei yakapita Juni, atauliza kwa nini, na ninyi itabidi mjibu.

Usiniambie ni siri ya mteja. Kibali hutolewa na serikali kwa jina la wananchi, katiba ya 2010 ndiyo iliyowapa kaunti kazi ya mipango na upimaji wa ardhi, na katiba hiyo hiyo kifungo cha 35 inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizoko mikononi mwa serikali.

Jumatatu nimeleta barua dirishani chini ya Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016, imegongwa muhuri nakala yangu ninayo. Nimeomba kuona kibali cha ile ploti ya pembeni na ramani ya choo chake, na nimeuliza faili ya dadangu iko meza ya nani. Sheria inawapa siku 21 za kunijibu. Afisa wa afya ya umma akitaka kuja kupima maji kabla ya hapo aje siku yoyote, mamangu hatoki nyumbani, atamuondolea lile tofali ateke mwenyewe.