Kibali cha kukata mti nilioupanda mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vibali vya kukata miti iliyomo katika viwanja na mashamba ya watu binafsi. Sipingi Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, wala sidai kwamba mninga au mvule ukatwe kiholela kwa sababu tu umeota shambani mwa mtu. Hoja yangu ni mipaini na milingoti, ambayo sisi wa Mufindi na Njombe huipanda kama wengine wanavyopanda mahindi, tukijua tangu siku ya kuchimba mashimo kwamba itavunwa. Mwezi uliopita mlingoti nilioupanda mwenyewe uliinamia paa la jikoni. Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji, nikaelekezwa wilayani, na huko nikaambiwa nirudi wiki nyingine kwa kuwa mhusika alikuwa safarini. (Upepo, bila shaka, haukusafiri naye.) Naomba halmashauri zetu zibandike kwenye mbao za matangazo za vijiji ni mti upi unaohitaji kibali, ada yake na siku za kusubiri, na mti unaotishia nyumba uruhusiwe kukatwa siku hiyohiyo, taarifa ya maandishi ifuate baadaye.

Mkulima wa miti,
Mufindi, Iringa