Fidia za shule za bweni Kanada: mtoto aliombwa ushahidi, kanisa likaombwa kujitahidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nijibu makala mliyochapisha mwezi uliopita kuhusu fidia za watu wa asili wa Kanada waliopelekwa kwa nguvu katika shule za bweni. Mwandishi wenu alijumlisha mabilioni ya dola, mkataba huu na ule, kisha akafunga kwa methali yetu kwamba yaliyopita si ndwele. Hakumweleza msomaji pesa hizo zilipimwa vipi, nani alitakiwa kuthibitisha nini, na nani hakubanwa athibitishe chochote. Kwangu mimi habari yenyewe iko hapo.

Ninaishi Winnipeg, jimbo la Manitoba, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Nawaogesha, nawapa dawa, nawapikia, na kwa kuwa siku za baridi ni ndefu, tunazungumza sana. Wengi wao ni Wakree na Waojibwe, jamii za watu wa asili, waliozaliwa kaskazini. Mmoja, bibi aliyevuka miaka themanini, ameniruhusu nisimulie habari zake mradi nisitaje jina lake wala la shule.

Alichukuliwa akiwa na miaka saba, kwa ndege ndogo ya kutua ziwani, pamoja na kaka yake. Shuleni alikatwa nywele, akapewa namba, na namba hiyo ikashonwa kwenye nguo zake, taulo lake na shuka lake. Kaka yake alikuwa upande wa wavulana, jengo hilohilo, na kuzungumza naye kulikatazwa. Alikaa huko miaka tisa. Anaikumbuka yote tisa kwa mpangilio, kila mwaka na sista aliyekuwa zamu ya bweni.

Kwa msomaji asiyeijua historia hii: zaidi ya watoto 150,000 wa Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis, ndiyo makundi matatu ya watu wa asili wa Kanada, walipitia shule hizo tangu karne ya 19 hadi miaka ya 1990. Serikali ilitoa fedha, makanisa yakaendesha, na kuanzia mwaka 1920 sheria iliipa serikali nguvu ya kuwalazimisha wazazi watoe watoto wao. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyoongozwa na jaji Murray Sinclair ilihitimisha mwaka 2015 kwamba yalikuwa mauaji ya utamaduni, na maelfu ya watoto walikufa wakiwa mikononi mwa shule hizo.

Mkataba mkuu wa fidia ulianza kutekelezwa tarehe 19 Septemba 2007, baada ya manusura kuishtaki serikali na makanisa kwa miaka mingi. Ulikuwa na njia mbili za malipo. Ya kwanza ilikuwa ya kila aliyelala katika shule iliyoorodheshwa: dola 10,000 za Kanada kwa mwaka wa kwanza, na dola 3,000 kwa kila mwaka uliofuata. Hesabu ya bibi ni nyepesi. Miaka tisa ni dola 34,000.

Barua ya majibu ameitunza hadi leo kwenye bahasha ya nailoni, pamoja na kadi zake za kliniki. Nimeisoma. Miaka minne ilikubaliwa. Mingine mitano ilikataliwa kwa sababu jina lake halikuonekana kwenye kumbukumbu zilizopatikana.

Sasa kumbukumbu hizo ni zipi? Ni fomu ambazo wakuu wa shule walizipeleka Ottawa kila robo mwaka, zenye majina ya watoto waliopo, kwa sababu kwa miaka mingi serikali ililipa kwa kichwa. Karatasi iliyotengenezwa ili shule ilipwe ndiyo iliyokuja kuamua, baada ya nusu karne, kama mtoto naye atalipwa. Na serikali hiyohiyo haikuzitunza zote. Utaratibu wa mwaka 1935 uliruhusu fomu za shule ziharibiwe baada ya miaka mitano, na taarifa za ajali baada ya miaka kumi. Kati ya mwaka 1936 na 1944 idara ya mambo ya watu wa asili iliharibu majalada 200,000. Hayo yalitokea kabla bibi hajazaliwa au akiwa bado mchanga, lakini yanaonyesha aina ya ofisi iliyokabidhiwa utoto wake. Fomu za miaka yake ya katikati nazo hazikupatikana.

Alikata rufaa. Alipigiwa simu akaulizwa bweni lilikuwa upande gani, nani alikuwa msimamizi, kulitokea nini asichoweza kusahau. Akawaeleza habari za chumba cha kufulia, ambako wasichana wakubwa walipitisha shuka kwenye mashine ya kukamulia yenye magogo mawili ya mpira. Mwenzake, mwenye namba iliyofuata ya kwake, aliingiza vidole pamoja na shuka. Bibi ndiye aliyeuzungusha mpini kinyumenyume kuvitoa. Sista aliyekuwa zamu aliwaambia waoshe damu kwanza, shuka zisichafuke, ndipo wapande kwa muuguzi. Baada ya simu ile waliona wamepata ushahidi wa kuwatosha kwa miaka miwili zaidi. Miaka mitatu haikulipwa mpaka leo.

Alichoniambia nakiandika kama alivyokisema: "Kama sikuwa shuleni miaka hiyo mitatu, basi waniambie nilikuwa wapi, maana nyumbani mama hakuniona."

Kaka yake hakupata hata senti. Alifariki Aprili 2005, na mkataba uliwatambua waliokuwa hai tarehe 30 Mei 2005. Wiki chache tu. Watoto wake, waliolelewa na baba aliyeamka usiku akipiga kelele, waliandikiwa kuwa hawastahili. Na hawako peke yao. Waombaji wa njia hiyo ya kwanza walizidi 100,000, waliolipwa wakawa takriban 79,000.

Njia ya pili ilikuwa ya waliolawitiwa, kubakwa au kupigwa vibaya. Maombi zaidi ya 38,000 yalipokelewa hadi mlango ulipofungwa Septemba 2012, na zaidi ya dola bilioni 3 zililipwa. Mlalamikaji alikaa mbele ya mwamuzi na mwakilishi wa serikali, akaeleza tendo moja baada ya jingine, na kila tendo likatafutiwa alama kwenye jedwali: limefanyika mara ngapi, aliguswa juu ya nguo au ndani ya nguo, limemwachia madhara gani. Alama zikageuzwa kuwa dola. Najua waliotunga utaratibu ule walitaka kuwaepusha wazee na kuhojiwa kikatili mahakamani, na najua wako waamuzi waliosikiliza kwa upole. Bibi mwenyewe anasema aliyemsikiliza yeye alikuwa mtu mwema, na mzee wa mila alikaa pembeni yake akiwa na manyoya ya tai. Lakini anasema pia kwamba aliporudi nyumbani alishindwa kuoga kwa siku kadhaa, kwa sababu kila alipovua nguo alilikumbuka jedwali.

Mwombaji katika njia hii alitegemea sana nyaraka za serikali, kwani serikali ilipaswa kuandaa maelezo ya kila shule na watuhumiwa wake. Tazama yaliyowapata watu wa St. Anne's, shule iliyokuwa Fort Albany kwenye pwani ya James Bay, Ontario, ambako watoto waliadhibiwa kwa kiti cha umeme. Polisi wa jimbo waliichunguza miaka ya 1990 na baadhi ya wafanyakazi wakatiwa hatiani. Serikali kuu ilikuwa na zaidi ya kurasa 12,000 za upelelezi huo, lakini haikuzipeleka kwenye usikilizwaji wa madai. Wazee walikuwa wakieleza peke yao mambo ambayo upande wa pili wa meza ulikuwa na ushahidi wake kabatini. Ilibidi mahakama ya Ontario iamuru Januari 2014 kwamba nyaraka zitolewe, na kesi ziliendelea kwa miaka mingine mingi baada ya hapo.

Mimi ni Mkatoliki, naimba kwaya, na hili linalofuata ndilo linaloniuma zaidi. Mkataba uleule uliomtaka bibi aonyeshe karatasi kwa kila mwaka wa utoto wake uliyataka mashirika ya Kikatoliki yaliyoendesha shule yatoe dola milioni 79, na zilipangwa hivi: milioni 29 taslimu, milioni 25 kwa njia ya huduma, na milioni 25 zilizobaki wajitahidi kadiri ya uwezo wao kuzichangisha. Kujitahidi! Hazikufika hata milioni 4. Mwaka 2015 jaji wa Saskatchewan aliamua kwamba mashirika hayo yameachiwa wajibu uliosalia, kwa makubaliano yaliyofanywa na mawakili wa serikali. Basi linganisha wewe mwenyewe. Mzee wa miaka sitini na kitu anakosa fomu iliyopotezwa na wengine, analipwa pungufu. Shirika linakosa milioni ishirini na zaidi, linaambiwa limejitahidi. Maaskofu waliahidi mwaka 2021 kuchangisha milioni 30 kwa miaka mitano, na Papa Fransisko alikuja Maskwacis, Alberta, Julai 2022 akaomba msamaha. Nilifurahi na nililia siku ile. Ahadi ya 2021 hata hivyo ilikuja baada ya taarifa za makaburi yanayoshukiwa kuwa ya watoto kwenye iliyokuwa shule ya bweni ya Kamloops, wakati dunia nzima inatazama, na wazee wengi waliotajwa kwenye mkataba wa kwanza walikuwa wameshazikwa.

Kuhusu jumla ya mwandishi wenu, aliingiza humo dola bilioni 23 zilizoidhinishwa na mahakama Oktoba 2023. Hizo ni za watoto na familia za Mataifa ya Kwanza zilizoumizwa na ustawi wa jamii uliofadhiliwa kwa ubaguzi tangu mwaka 1991, pamoja na waliocheleweshewa au kunyimwa huduma muhimu. Ni kesi nyingine, iliyopiganiwa na Cindy Blackstock, mtetezi wa haki za watoto wa asili, na wenzake kuanzia mwaka 2007. Waliosoma shule za kutwa za serikali nao walikuwa na mkataba wao wa mwaka 2019, kati ya dola 10,000 na 200,000 kwa mtu, na wao waliachwa nje kabisa ya ule wa kwanza ingawa walimu na viboko vilikuwa vilevile. Ukiyachanganya yote, unampa msomaji picha ya watu wanaolipwa mara tatu kwa jambo moja.

Wapo pia waliokula katikati. Mawakili walitakiwa kutotoza zaidi ya asilimia 30, nusu yake ikilipwa na serikali juu ya fidia, na bado mwaka 2012 mahakama ilimwondoa wakili mmoja wa Calgary kwenye utaratibu huo kwa mambo aliyowafanyia wateja wake, yakiwemo mikopo. Bibi anakumbuka wauza magari walivyofika kijijini wiki ambayo hundi zilitoka.

Mhariri, naandika haya kwa Kiswahili na kwako kwa sababu nyingine pia. Gazeti lako linasomwa mtandaoni na ndugu zangu wengi wanaofanya kazi kama yangu hapa Winnipeg, Regina, Saskatoon na Thunder Bay. Sisi ndio tunaoingia nyumba za wazee hawa kila siku. Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua tarehe 6 Oktoba 2017 kwamba kumbukumbu za njia ya pili ya fidia, yaani maelezo yale ya siri waliyoyatoa mbele ya waamuzi, zitaharibiwa baada ya tarehe 19 Septemba 2027. Kinachoweza kuzuia hilo ni uamuzi wa mlalamikaji mwenyewe. Anaweza kuomba nakala akae nayo, akampa amtakaye, au akaagiza zihifadhiwe katika Kituo cha Kitaifa cha Ukweli na Maridhiano hapa Chuo Kikuu cha Manitoba. Asiposema kitu, zinateketezwa, na wako wanaotaka hivyo kabisa, ni haki yao. Lakini wako wengine ambao hawaoni vizuri, barua zimewapita, au walifunguliwa faili wakiwa kijiji kingine na sasa wanaishi gorofani mjini bila mtu wa kuwasomea.

Kwa hiyo, mwenzangu unayehudumia mzee aliyepitia huko, usimchokonoe asimulie, hiyo si kazi yetu. Muulize tu, kwa staha na wakati ametulia, kama anafahamu kuhusu tarehe hiyo na kama angependa umsaidie kuwapigia simu wahusika wa kumbukumbu hizo. Kama simulizi litamjia na kumwelemea, ipo simu ya msaada ya saa 24 iliyowekwa kwa ajili ya manusura na familia zao, mpe namba yake. Wa kwangu tulipiga pamoja, spika ikiwa wazi mezani, na kujaza fomu hakukuchukua hata muda wa kuivisha viazi.

Nawe, Mhariri, nakuomba uchapishe sahihisho la ile bilioni 23, na mkiandika tena habari hii mweke tarehe ya 2027 mahali inapoonekana.

Msomaji wako,
Winnipeg, Kanada