Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kwa nini kombe letu limegawanywa

Wazee wetu, wababa na wamama, ndugu vijana, jambo kwenu wote.

Kazi za kawaida mnazijua, nitazipita mbio. Michuano ya mpira ilichezwa Katuba na Ruashi, komini zetu za Lubumbashi, wakati wa kiangazi, kabla mvua haijaanza kufuta mistari ya chokaa. Nyavu za magoli manne, mipira 12 ya namba 5, posho za waamuzi na maji ya wachezaji vimekula karibu franka milioni 2. Vitabu viko wazi.

Lililoleta maneno ni kuzitenga timu 16: nane zenye nguvu kombe la kwanza, nane za chini kombe la pili, na bingwa wa kombe la pili kupanda mwaka kesho. Wengine wanasema nimewatupa watoto wao jalalani. Hapana. Wazo hilo nililileta mimi na bado nalitetea.

Sisi Wakongo hatuhitaji kufundishwa ubaya wa kupanga timu zisizolingana. Mwaka 1974, kwenye Kombe la Dunia, Zaire yetu ilifungwa 9-0 na Yugoslavia. Timu ikipigwa hivyo, beki hajifunzi kupanga mstari na kipa hajifunzi kutoka golini. Wanajifunza woga tu.

Tazameni Asia. Kuanzia 2006 hadi 2014 shirikisho la huko lilikuwa na Kombe la Challenge, kwa nchi za chini. La kwanza, Bangladesh, lilikuwa na timu 16, na Tajikistani ikaifunga Sri Lanka 4-0 kwenye fainali. Kuanzia 2008 likabaki na timu nane, na bingwa akapewa nafasi Kombe la Asia. Nafasi hiyo ndiyo iliyolipatia kombe hilo uzito. Uhindi ilishinda mwaka huo, mshambuliaji wake Sunil Chhetri akifunga mabao matatu kwenye fainali, ikarudi Kombe la Asia 2011 baada ya kukosekana tangu 1984.

Najua jibu lenu: Uhindi ilifungwa mabao 13 katika mechi tatu za Kombe hilo la Asia. Ni kweli. Lakini fuateni Palestina. Ilishinda kombe dogo 2014 huko Maldives, 1-0 dhidi ya Ufilipino. Mwaka 2015 ilipoteza mechi zote tatu za Kombe la Asia. Mwaka 2019 ikatoka sare mbili za 0-0, na Januari 2024 ikaingia 16 bora. Ngazi hupandwa hivyo. Na anayesema kombe lile lilikufa, ajue kwamba Kombe la Asia liliongezwa kutoka timu 16 hadi 24, mlango ulipanuliwa.

Hesabu nayo inatupa haki. Timu nane katika makundi mawili ni mechi 12, pamoja na nusu fainali, mshindi wa tatu na fainali, jumla 16. Kwa mechi mbili Jumamosi na mbili Jumapili, kiwanja kimoja kinamaliza kwa majuma manne. Mechi za mwisho za kila kundi tulizianzisha kwa wakati mmoja, Katuba na Ruashi, ingawa nauli ya waamuzi iliongezeka. Kwenye Kombe la Dunia la 1982 Ujerumani Magharibi na Austria walicheza wakiwa wameshajua matokeo ya Aljeria, 1-0 ikawatosha wote wawili, na ndugu zetu wakatolewa. Sitakubali hilo hapa kwetu. Muda wa nyongeza tuliuondoa kwa sababu ya giza: mechi ya pili huanza saa 9 na nusu, dakika 90 na mapumziko hufika saa 11 na robo, na jua huzama karibu saa 12.

Sasa linaloniumiza. Tuko wanachama 64, kotizasio, yaani ada ya mwanachama, ni franka 2.000 kwa mwezi, na waliolipa mwaka mzima ni 19. Hao wametuletea franka 456.000 tu; ada za timu na mifuko ya wanakomite ndiyo iliyobeba mengine. Mkutano wa kupiga kura juu ya kugawa kombe uliahirishwa mara ya kwanza kwa kukosa akidi, na wengi wanaolalamika leo hawakuja hata mara ya pili. Kura zilizopigwa zilitosha.

Mwaka kesho, Mungu akipenda, tutatafuta nafasi ya timu za wasichana na kiwanja cha tatu, pengine Kampemba. Wenye deni wamwone mtunza feza kabla mwezi huu haujaisha.