Betri za muziki wa magari zipimwe kwa haki

Mhariri,

Inanisikitisha kuona betri za mifumo mikubwa ya muziki wa magari zikilinganishwa kwa namba ya kwenye lebo, ambayo mara nyingi hueleza uwezo wa kuwasha injini kwa sekunde 30 katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, ilhali kazi ya muziki ni tofauti: amplifaya (kifaa cha kukuza sauti) ya wati 2,000 inapofikia nguvu yake kamili huvuta mkondo wa umeme wa zaidi ya ampea 160. Kipimo cha haki hutaka betri zote zijazwe chaji kamili, zipumzishwe saa kadhaa, ziwe na jotoridi moja, kisha zibebeshwe mzigo uleule wa umeme injini ikiwa imezimwa, na volti zisomwe kwenye terminali (ncha za kuunganishia nyaya) za betri zenyewe. Uzito nao utajwe, kwani betri ya kilo 30 kuishinda ya kilo 15 hakuthibitishi ubora wowote.

Msomaji wenu