Gari Langu Si GTO

Pontiac, Michigan
Jumapili jioni, Agosti

Ndugu yangu Shabani,

Salaam aleikum. Mimi na nyumba yangu hatujambo, alhamdulillahi, na natumai nanyi hapo Chumbageni mko salama. Picha ya Peugeot 404 ya marehemu mzee nimeipata. Nimeitazama hadi macho yakauma. Ile nyeupe ya maziwa ndiyo rangi yake, usikubali mtu akushawishi vingine.

Umeniuliza mara mbili habari za GTO yangu, lile gari la Pontiac la mbio, na mara zote mbili nimekujibu juujuu. Leo nakwambia kweli yote. Si GTO.

Nililinunua kwa mtu binafsi mwezi wa nne mwaka juzi: Pontiac ya 1967, milango miwili, nembo za GTO kwenye grili na ubavuni, injini ya V8, yaani ya silinda nane, yenye inchi za ujazo 400, yaani lita 6.5. Nilitoa akiba ya miaka saba. Unakumbuka tulivyokuwa tunakata picha za magari haya kwenye majarida makuukuu na kuyabandika ukutani gereji kwa mzee, magari ambayo Wamarekani wenyewe huyaita magari ya misuli? Siku nililileta nyumbani nilikaa ndani yake barazani, injini imezimwa, mpaka mke wangu akaja kuniuliza kama naumwa.

Miezi ikapita. Siku moja mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi kiwandani hapa hapa mjini, akaniomba afungue mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mlango kuna kibati kidogo cha namba kilichopigwa ribiti, na changu kilikuwa kimefunikwa na rangi. Akaikwangua taratibu kwa ukucha. Kisha akanieleza kwa sauti ya chini, kama daktari: tangu 1966 namba ya GTO huanza na 242. Hii imeanza na 237. Hii ni LeMans, Pontiac ya kawaida.

Nikaagiza nakala za karatasi za kiwandani, maana wako watu wanaozitunza mpaka leo, na zikathibitisha. Gari langu liliondoka kiwandani na injini ndogo ya inchi 326. Kwa nje injini zile za Pontiac zinafanana kama mapacha, na mtu aliyekuja baadaye alitoa ile akatia 400, akabandika nembo, akauza. Herufi zilizogongwa kwenye bloku zinaonyesha hiyo 400 ilitoka kwenye Catalina, gari kubwa la kubebea familia. Shabani, niliumia. Si kwa sababu ya fedha peke yake, ingawa tofauti ya bei kati ya GTO halisi na ya kuundwa ni kubwa mno. Niliumia kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia watu.

Nikalifunika turubai. Ikaja baridi, na huku barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke, kwa hiyo gari la zamani hulala ndani tangu Novemba hadi Aprili. Wewe mtu wa Tanga, chumvi na bati sina haja ya kukufundisha. Ndani ya miezi ile nilisoma kila nilichokipata juu ya asili ya GTO, na hapo ndipo moyo ulipogeuka. Sikiliza.

Mwaka 1963 General Motors ilikuwa na amri: gari la ukubwa wa kati lisitiwe injini iliyozidi inchi za ujazo 330. Pale Pontiac, tawi lake moja, mhandisi mkuu alikuwa John DeLorean, na chini yake Bill Collins na Russ Gee. Waliona kwamba injini ya 326 ya Tempest, gari lao la ukubwa wa kati ambalo LeMans ni toleo lake, na ile 389 ya magari makubwa zinakaa kwenye vishikizo vilevile. Unaifungua moja, unashusha nyingine, hukati chuma. Wakafanya hivyo. Amri wakaipita pembeni: hawakusema wametengeneza gari jipya, walisema ni nyongeza tu ambayo mnunuzi wa LeMans anaweza kuiomba, kwa dola kama 295 juu ya bei. Mkuu wa mauzo alikubali yatengenezwe 5,000 na si zaidi. Mwaka ule wa kwanza, modeli ya 1964, yaliuzwa 32,450. Hata jina walilichukua kwa Ferrari.

Unaona? GTO ya kwanza kabisa ilikuwa LeMans iliyotiwa injini ya gari la familia. Kazi ileile aliyoifanya yule mtu asiyejulikana kwenye gari langu, tofauti ni kwamba wao walisema wazi walichofanya na yeye alificha. Kosa lake ni nembo. Injini haina kosa.

Basi Aprili niling'oa nembo zote, nikaziba matundu, nikatafuta maandishi ya LeMans nikayarudisha mahali pake. Wapo wanaoniambia nimeharibu. Mimi nalala vizuri.

Sasa nikwambie linavyokwenda, maana hilo ndilo unalotaka kusikia. Asubuhi unakanyaga mafuta mara moja mpaka chini ili choki, kilango cha hewa cha kabureta, ijifunge, unaachia, unazungusha ufunguo. Linakohoa, linakamata, kisha linatulia kwenye mngurumo mzito ambao unausikia kifuani kabla ya masikioni. Kabureta ni Quadrajet: ina midomo minne, miwili midogo ya mbele na miwili mikubwa ya nyuma. Ukiendesha kwa adabu midogo ndiyo inafanya kazi. Ukikanyaga kweli, mikubwa inafunguka, sauti inabadilika, na tani moja na nusu ya chuma inainua pua. Breki ni ngoma magurudumu yote manne, kwa hiyo unafikiri mapema. Ukizichosha mara mbili tatu mfululizo zinapata moto na mguu unazama. Mafuta linakunywa bila huruma. Mipira yote ya petroli nimeibadilisha kwa sababu petroli ya siku hizi ina ethanoli na mipira ya zamani ilikuwa imeanza kuoza. Kutu niliikuta chini ya kioo cha nyuma, mahali maji yanapotuama. Ndiyo donda la magari haya.

Wiki iliyopita ilikuwa ile Jumamosi ya tatu ya Agosti, magari ya zamani yanapojaa barabara ya Woodward kuja hadi huku kwetu. Mambo haya yalianza 1995, lakini vijana walikuwa wakishindana usiku kwenye barabara hiyo tangu miaka ya hamsini na sitini, na wahandisi wa viwandani wakileta magari yao kuyajaribu. Niliegesha, nikafungua boneti. Yule mzee mstaafu akaja na mjukuu wake. Akasoma maandishi ya LeMans ubavuni, akasoma injini, akanishika bega. Halafu akamwinua mtoto aone kabureta.

Nikakukumbuka wewe. 404 ya mzee ina injini ya Peugeot 504 tangu tukiwa darasa la tano, na sijawahi kusikia mtu Tanga nzima akisema si gari la mzee. Tena 1967 hiyohiyo ndiyo Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mbio za magari za Safari kwa 404, mara ya pili mfululizo. Mzee alikuwa akitusimulia kama vile alikaa kiti cha pembeni.

Gasketi za kabureta ya Solex ulizoniomba nimezipata, seti mbili, pamoja na sindano. Anakuja nazo kijana wa jirani mwezi ujao, atafikia Dar kwa dada yake. Ukishazifunga nipigie kabla ya kuliwasha, halafu simu iweke juu ya boneti.

Nisalimie shemeji na watoto.

Nduguyo,
Hamisi